Nilirudi kwa Ajili ya Faili la Vyoo

Vijana wa hapa Korogwe mnanichosha kwa swali moja. Nikienda stendi kununua gazeti, nikikaa kwa fundi viatu, nikipanda Kwashemshi kuangalia migomba yangu, lazima mmoja wenu aniulize: "Mzee Folio, hivi kweli ulifika Ulaya, ukapewa na chumba chako, halafu ukarudi mwenyewe?" Mnauliza mnacheka, na najua nikigeuza mgongo mnanong'ona kwamba mzee kachanganyikiwa. Basi nimeamua kuandika mara moja tu. Anayetaka asome, na atakayebaki kucheka acheke akijua anachokicheka.

Kwanza mnijue. Babu yangu aliletwa huku kutoka Kigoma kukata mkonge, akafia huku huku, na baba yangu akazaliwa kambini. Kwa hiyo mimi si Mzigua, si Mshambaa wala si Mmasai, ingawa lugha zao zote nadokoadokoa. Nilimaliza kidato cha nne nikaajiriwa ukarani wa masjala katika ofisi moja ya serikali upande wa Handeni. Jina la ofisi sitalitaja, maana kosa nitakalolisimulia ni langu, si la ofisi. Masjala ni kile chumba ambamo barua zote zinaingia, zinapigwa mhuri, zinaandikwa kwenye rejista, kisha zinafungwa kwenye faili lake. Kila karatasi iliyomo kwenye faili ina namba, nayo tunaiita folio. Nilizoea neno hilo mpaka nyumbani. Marehemu mke wangu akianza kunisimulia ugomvi wa majirani, namuuliza hiyo ni folio ya ngapi. Jina likanigandia hivyo.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Kidawa, mkuu wa masjala, Mzigua wa Mkata, mama mfupi ambaye hata akiomba maji ya kunywa unadhani ametoa amri. Wiki yangu ya kwanza aliniachia rundo la barua nizifunge kwenye mafaili. Nikaona barua nyingine ndefu, nyingine fupi, faili linakaa vibaya. Nikazipanga kwa ukubwa, ndefu chini, fupi juu, zikapendeza kweli. Mama Kidawa aliporudi alifungua faili la kwanza, akafungua la pili, akakaa.

"Gaspari mwanangu," akasema, "hapa unapanga karatasi au unapanga vitenge vya kuuza?"

Nilizifungua zote nikaanza upya kwa tarehe, kila moja na namba yake kwa wino mwekundu kwenye kona ya juu kulia. Ilinichukua siku tatu. Tangu siku hiyo sijawahi kufunga karatasi bila namba, isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja ndiyo habari yenyewe.

Kuna jambo lingine alilonifundisha ambalo ninyi wa kompyuta hamlijui. Bosi akisoma faili akaona jambo halijaisha, haandiki maelezo mengi. Anaandika pembeni "ilete tena" na tarehe. Karani anaingiza tarehe hiyo kwenye shajara yake, na siku ikifika lazima faili lirudi mezani, bosi atake asitake. Akinuna unamwekea hivyo hivyo. Akisema "hili si niliona juzi?" unamjibu "ndiyo mzee, na leo ndiyo tarehe yake." Mama Kidawa alikuwa na msemo wake kwamba nusu ya serikali ni kuleta tena, na nusu nyingine ni chai.

Sasa njooni kwenye kosa.

Ng'ambo ya Mkata kuna kijiji ambacho nacho sitakitaja, wenyewe wanajijua. Wakulima wanalima mahindi na mihogo, wafugaji wana ng'ombe wao upande wa nyika, na katikati kuna lambo, yaani bwawa la kuchimbwa la kunyweshea mifugo. Kila kiangazi ng'ombe walikuwa wakipita kwenye mihogo ya watu kwenda majini, na kila kiangazi watu wanaumizana. Mwaka ule serikali ikawakalisha pande zote mbili. Mimi nilitumwa kuandika muhtasari, nadhani kwa sababu sikuwa ndugu wa mtu yeyote pale. Walibishana kutwa nzima juani. Mwishowe wakakubaliana: iachwe njia ya ng'ombe kuanzia kwenye korongo mpaka lamboni, ipandwe ua wa minyaa pande zote mbili, mkulima asilime ndani yake na mfugaji asitoke nje yake. Wakatia dole gumba mmoja mmoja. Kwa wafugaji wa kwanza kutia alikuwa Mzee Lemburis, mtu mrefu, mtaratibu, aliyekuwa na nguvu bado. Aliufuta wino kwenye shuka lake akaniuliza, "Karani, karatasi hii inalala wapi?"

"Ofisini, mzee. Kwangu mimi."

"Basi vizuri," akasema. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Nikairudisha ofisini. Faili la kijiji kile lilikuwa limefika folio mia, na taratibu zetu zinasema likifika mia linafungwa, linafunguliwa jipya. Lakini kava za mafaili zilikuwa zimeisha stoo. Si mara ya kwanza. Kava zikiisha tulikuwa tunachukua kava la faili la zamani, tunaligeuza ndani nje, upande ule mweupe tunaandika jina jipya. Nikachukua kava lililokuwa mezani, nikaligeuza, nikaweka muhtasari ndani na kuandika jina la kijiji kwa penseli, nikisema kava jipya likija nitahamisha na kutia namba vizuri. Kabla sijafanya hivyo nikaitwa hospitali. Mke wangu amejifungua, mtoto wa kwanza, wa kike, Stella. Nikachukua likizo. Nilirudi kazini nina furaha ya kupaa, na kumbe nyuma yangu ofisi ilikuwa imesafishwa kwa sababu ya ziara ya mkubwa mmoja kutoka juu. Meza zote zilikuwa nyeupe. Muhtasari haukuwapo.

Nilipekua kabati zote. Kijiji kile, vijiji jirani, mifugo, kilimo, maji, migogoro. Hakuna kitu. Hapo nilitakiwa kwenda kwa Mama Kidawa niseme nimepoteza karatasi. Sikwenda. Nilikuwa na mtoto mchanga na niliogopa kufukuzwa kazi. Mlioajiriwa mnajua, na msiojua mtajua siku mkiajiriwa.

Miezi michache baadaye Mzee Lemburis akaja. Aliacha fimbo yake mlangoni kwa heshima, akaingia.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba, karani. Nimekuja kuchukua nakala ya ile karatasi yetu ya njia ya ng'ombe. Ile ya kijijini imeliwa na mchwa."

"Faili liko kwa mkubwa, mzee. Njoo wiki ijayo."

"Haya."

Akachukua fimbo yake, akaondoka. Wiki iliyofuata akarudi, faili liko kwa mkubwa. Mwezi uliofuata, faili liko kwa mkubwa. Mama Kidawa akastaafu, wakubwa watatu wakaja na kuondoka, na faili bado liko kwa mkubwa. Mzee yule hakuwahi kupandisha sauti. Alikuja kila alipokuwa na safari ya mjini, mwaka hadi mwaka, anasalimia, anauliza huku amenyoosha kiganja mbele ya kaunta, anajibiwa, anasema "haya". Nilikuwa nikiona kivuli cha fimbo ile mlangoni nainamia rejista. Nilipohamishiwa Korogwe wenzangu walinipa pole kwa kuondoka Handeni. Mimi nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nilifanya kazi Korogwe mpaka nikastaafu. Mke wangu akafariki. Stella alikuwa ameshasomea uuguzi na kupata kazi Uswidi, akaja kwenye msiba, akaniangalia ninavyopika uji wangu peke yangu, akasema, "Baba, unakuja kukaa na mimi, na sikuulizi." Nikaenda.

Nitawaambia ya kule bila kuongeza chumvi, kwa kuwa wengine wenu mnauza mpaka kiwanja ili mwende. Stella anaishi mji mdogo, ghorofa ya tatu. Taka za kule hazitupwi, zinapangwa. Chupa nyeupe pipa lake, chupa ya rangi pipa lake, boksi la maziwa, bati, gazeti, maganda ya viazi, kila kitu na mahali pake. Waafrika wengine niliokutana nao wanalalamika. Mimi nilijiona nimefika nyumbani. Baada ya miezi miwili mama mmoja wa ghorofa ya kwanza, Mswidi mwenyewe, alikuwa akinigongea kuniuliza kifuniko cha mtungi kiende pipa gani. Namwonyesha kwa kidole, tunacheka, basi, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya wiki. Asubuhi nilikumbuka wamama wa Kwashemshi wanaoshuka na mizigo ya ndizi, wakinipita wananisalimu kwa Kishambaa, "onga makeo", na kungoja niwajibu. Kule Stella alikuwa akiondoka kazini bado giza, nami nakaa dirishani nikihesabu mabasi.

Siasa zao ziliniacha hoi. Wakati wa uchaguzi kila chama kinaweka kibanda cha mbao uwanjani katikati ya mji. Hakuna spika wala pikipiki, na tisheti hazigawiwi. Unakwenda pale mgombea mwenyewe anakumiminia kahawa. Nilizungukia vibanda vyote, nikanywa kahawa ya kila chama bila upendeleo. Mgombea mmoja, binti mdogo wa umri wenu, aliniuliza kupitia kwa Stella nina maoni gani kuhusu njia ya baiskeli inayopita karibu na shule. Nikamwambia mimi sipigi kura hapa, ni mgeni. Akasema anajua, lakini si napita pale kila siku? Nikampa maoni yangu, akayaandika. Sijui aliyafanyia nini. Msidhani nawaambia wale ni malaika. Wapo walionipita kwenye foleni kama hawanioni, na kuna chama pale nilichonywa kahawa yake halafu Stella akaniambia sera yao ya kwanza ni watu kama mimi turudishwe kwetu. Kahawa yao ilikuwa nzuri kuliko zote.

Lakini kilichonichoma ni masjala yao. Siku moja Stella alikuwa na shughuli kwenye ofisi ya mji, nikamwomba tu nione masjala ikoje. Pale kaunta alikuwapo mama mmoja wa makamo. Stella akamweleza kwamba baba yake alikuwa karani wa masjala Tanzania. Yule mama akafurahi, akauliza ningependa kuona nini. Kwa utani nikasema nione barua zilizoingia leo. Akachapisha orodha akanipa. Nikaonyesha moja, Stella akasema inahusu njia ile ile ya baiskeli, na yule mama akanipa na hiyo mkononi. Hakuuliza jina langu wala naitakia nini. Stella akasema ndiyo sheria yao, barua iliyoingia ofisi ya umma, ukiondoa zile za siri kweli, ni ya yeyote anayeiomba.

Nilibaki nimeishika karatasi ile mpaka Stella akanivuta mkono. Nilikuwa namwona Mzee Lemburis anachukua fimbo yake mlangoni. Siku hiyo sikula. Niliona haya, vijana wangu, haya ya mtu mzima.

Baada ya wiki kadhaa likaja jingine. Zuhura, binti niliyemfundisha kazi Korogwe kabla sijastaafu, alikuwa amehamishiwa ofisi ile ile ya kwanza niliyofanyia kazi. Akanitumia ujumbe wa sauti. "Shikamoo mzee wangu. Mzee, kile kijiji chako cha ng'ambo ya Mkata hali si nzuri. Mwenyekiti amesema ile njia ya ng'ombe itagawiwa viwanja kwa vijana. Ng'ombe wawili wamekatwa mapanga, na kijana mmoja wa upande wa wakulima kavunjwa mkono. Wafugaji wanasema kulikuwa na makubaliano, mwenyekiti anawajibu leteni karatasi. Wamekuja hapa, mimi nimetafuta sijaiona. Wewe si ndiye uliyekuwapo enzi hizo? Mkutano mkuu wa kijiji ni mwisho wa mwezi."

Nilisikiliza ujumbe ule mara nne. Leteni karatasi. Mwenyekiti alijua haipo. Alikuwa anajenga kura zake juu ya uzembe wangu.

Jioni hiyo Stella aliingia kutoka kazini, mvua imemlowesha. Akavua koti, akaligeuza ndani nje, akalitundika juu ya kipasha joto likauke. Koti lake kwa nje ni jeusi, kwa ndani lina nembo kubwa ya kampuni iliyolitengeneza. Nikalikodolea macho. Lile koti lilikuwa koti jingine kabisa.

"Baba, una nini?"

"Kava," nikasema. "Stella, niliandika kwa penseli upande wa ndani."

Hapo ndipo nilipokumbuka kava nililoligeuza siku ile lilikuwa la nini. Lilikuwa na maandishi makubwa ya chapa: KAMPENI YA VYOO BORA. Aliyesafisha ofisi kwa ajili ya ziara aliona kava limegeuka, akaona aibu mkubwa akute faili limevaa nguo kinyume, akaligeuza upande wake sahihi na kulipeleka stoo na mafaili yaliyofungwa. Miaka yote hiyo nimepekua mifugo, ardhi, maji na migogoro. Sikuwahi kufungua vyoo. Nani angetafuta njia ya ng'ombe kwenye vyoo?

Nikampigia Zuhura asubuhi yake. Akaniambia stoo ya mafaili yaliyofungwa imejaa mpaka dari na hakuna wa kumruhusu kuifumua bila mtu anayejua anatafuta nini. Nikamwambia nakuja.

Kwa Stella haikuwa rahisi. Maombi yangu ya kibali cha kukaa yalikuwa bado hayajajibiwa, na aliyekuwa akiyashughulikia alishatuambia nikiondoka kabla ya majibu yatafungwa. Stella alikuwa amehangaika nayo mwaka mzima.

"Baba, piga simu ya video umweleze Zuhura. Mwambie faili la vyoo, atafute."

"Nimemwambia. Lakini karatasi ile haina namba, Stella. Haimo kwenye rejista. Mwenyekiti atasema imeandikwa jana. Aliyeiandika lazima asimame."

"Na mimi?" Akaanza kulia. "Mimi nitasimama na nani huku?"

Nilimwambia ukweli ambao nilikuwa sijamwambia mtu: kwamba karatasi ile ilipotea siku zile alipozaliwa yeye, na kwamba nilinyamaza kwa ajili yake, nikaendelea kunyamaza hata alipokuwa mtu mzima na hakuna tena sababu. Kisha akafungua simu akanitafutia tiketi, huku bado amenuna. Ananuna kama mama yake.

Stoo ya ofisi ile ilikuwa nyuma, pamoja na viti vilivyovunjika na baiskeli za mradi fulani uliokufa. Bosi wa sasa, kijana mwenye umri wa Stella, alinisikiliza nilipokiri kosa langu mbele yake. Nilitegemea anifokee. Akasema tu, "Mzee, ingieni na Zuhura, lakini kila mtakachokitoa kiandikwe." Nikampenda hapo hapo. Tulitoa mafaili kutwa mbili, tumefunga vitambaa puani, tukiandika kila moja. Siku ya pili adhuhuri Zuhura akasema, "Vyoo hivi hapa." Kava lilikuwa limeliwa kona. Ndani yake, juu kabisa, mwandiko wangu wa ujana, wino wa bluu, na chini yake madole gumba yote kwenye safu mbili. Hata mchwa walikuwa wameanzia upande mwingine. Nikakaa kwenye kiti kilichovunjika nikalia, na Zuhura akajifanya anahesabu mafaili.

Kisha akafanya kile nilichotakiwa kufanya mimi. Akaiingiza kwenye rejista kwa tarehe ya siku ile, akaandika ilikopatikana na nani kaipata, akaipa folio namba moja ya faili jipya kwa wino mwekundu. Tukatoa nakala, bosi akazigonga mhuri.

Mkutano mkuu ulifanyika uwanja wa shule. Wakulima upande huu, wafugaji upande ule, na katikati vijana wengi wamevaa tisheti za mwenyekiti. Msinune, baadhi yenu ambao kwenu ni kule mlikuwamo, niliwaona. Mlikuwa mmeahidiwa viwanja, na kijana kutaka kiwanja si dhambi. Mwenyekiti akasema yale yale: kama kuna makubaliano, leteni karatasi. Nikanyoosha mkono.

"Wewe ni nani katika kijiji hiki?" akauliza.

"Si mtu wa hapa. Ndiye niliyeandika karatasi mnayoitafuta, na ndiye niliyeipoteza."

Walinizomea. Mmoja akapiga kelele nimetumwa, mwingine kwamba nimehongwa ng'ombe. Nilisubiri. Nimezomewa na mabosi walioletewa faili wasilotaka kuliona, na wale walikuwa na uwezo wa kunifukuza. Nikasimulia yote kama nilivyowasimulia ninyi: kava, penseli, uzazi wa mke wangu, na jinsi nilivyomdanganya mzee wa watu mwaka baada ya mwaka. Nilipofika kwenye vyoo, uwanja mzima ulicheka, pande zote mbili, na nadhani kicheko kile kilisaidia kuliko maneno yangu. Kisha nikasoma muhtasari. Nilipoanza kusoma majina ya waliotia dole, watu wakaanza kuitikia: huyo ni babu, huyo marehemu baba, huyo ni mjomba. Mama mmoja wa Kizigua akasimama akasema minyaa ile aliipanda yeye kwa mkono wake, na anayetaka kuing'oa aje amng'oe yeye kwanza. Mwenyekiti aliomba aione karatasi. Akaigeuza huku na huku, akaangalia mhuri, akairudisha.

Sitawadanganya kwamba yaliisha. Wengine waliondoka wakisonya. Lakini mkutano ulikubali njia ipimwe upya kama ilivyoandikwa, na viwanja vya vijana vitafutwe upande wa barabara. Jambo hilo limewekewa tarehe. Zuhura ameliingiza kwenye shajara yake, nami ninayo kwenye yangu, na siku hiyo nitakuwa pale mapema kuliko mwenyekiti. Nanyi njooni. Msiende kukaa nyuma ya pikipiki za mtu na kurudi na tisheti. Ombeni msomewe muhtasari wa mkutano uliopita. Mkiambiwa uko kwa mkubwa, rudini kesho yake.

Mzee Lemburis alikuwapo. Amezeeka, macho yamekwisha, alikaa kwenye kigoda mjukuu wake amesimama nyuma yake. Watu walipotawanyika nikamwendea, nikachuchumaa mbele yake. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu ndani ya ndege, yote yakanitoroka.

"Shikamoo, mzee. Ni karani."

"Marahaba. Sauti yako naijua."

"Nilikudanganya, mzee. Faili halikuwa kwa mkubwa. Nilikuwa nimelipoteza. Naomba unisamehe."

"Nilijua," akasema. "Mara ya pili tu nilijua kwamba huna."

Nikashindwa kuelewa. "Sasa kwa nini uliendelea kuja miaka yote ile?"

Akageuza uso kwenye upande ilikotoka sauti yangu.

"Ili usisahau," akasema.

Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu, kama alivyokuwa akifanya mbele ya kaunta yangu.

"Nakala yangu, karani."

Safari hii nilikuwa nayo.